Kitabu cha Mgao Jikoni: Uingereza ya Vita na Njia ya Kongwa

Vita vilipoanza Septemba 1939, Uingereza ilikuwa nchi isiyoweza kujilisha. Zaidi ya nusu ya chakula chake kilifika kwa meli: ngano ya Kanada, nyama ya Argentina, siagi ya Denmark na New Zealand. Nyambizi za Ujerumani zilipoanza kuzizamisha meli hizo, vita viliingia jikoni. Tarehe 8 Januari 1940 mgao ukaanza rasmi kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Machi ikafuata nyama nyingine, Julai chai.

Kila mtu, hata mtoto mchanga, alikuwa na kitabu chake cha mgao. Familia ilijiandikisha kwa mwenye duka mmoja, naye akaletewa bidhaa kwa kadiri ya wateja walioandikwa kwake. Kwa wiki, mtu mzima alipata takriban wakia 8 za sukari, wakia 2 za siagi, wakia 2 za majani ya chai, na yai 1 kama yapo. Wakia moja haifiki gramu 29. Nyama haikupimwa kwa uzito bali kwa bei, na hapo ndipo ujuzi wa mama wa nyumbani ulipoonekana: aliyechagua kipande kigumu cha bei ndogo, akakichemsha polepole kwa saa nyingi, alilisha watu wengi kuliko aliyenunua kipande laini. Maini, figo na utumbo havikuwa kwenye mgao, kwa hiyo foleni yake ilikuwa ndefu. Mkate na viazi navyo viliachwa huru muda wote wa vita, ingawa tangu 1942 mkate mweupe ulipotea na watu wakala mkate wa unga usiokobolewa sana, wenye rangi ya kijivu. Wengi waliuchukia.

Hesabu hizi hazikukisiwa tu. Mwanzoni mwa vita, wanasayansi Elsie Widdowson na Robert McCance wa Cambridge walijilisha wao na wenzao kwa miezi kadhaa chakula cha kiwango cha chini, kisha wakaenda kupanda milima kaskazini mwa Uingereza kupima kama nguvu zimebaki. Zilibaki. Waziri wa Chakula tangu Aprili 1940, Lord Woolton, alikuwa mfanyabiashara wa maduka makubwa aliyejua namna ya kusema na wanunuzi. Jina lake lilipewa pai ya viazi, karoti na mboga nyingine, isiyo na nyama hata kidogo. Wajawazito na watoto wadogo walikuwa na vitabu vya kijani vilivyowapa maziwa zaidi, maji ya machungwa na mafuta ya ini la chewa. Watoto wengi wa maskini walikula vizuri zaidi wakati wa vita kuliko kabla yake, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii.

Lakini nani alizifanya hesabu hizo ziwe chakula mezani? Kubana matumizi husifiwa kama tabia njema, kana kwamba hakuna anayechoka. Ilikuwa kazi, na karibu yote ilifanywa na wanawake. Desemba 1941 sheria iliruhusu wanawake wasioolewa kuitwa kwenye utumishi wa vita, na maelfu ya walioolewa nao waliingia viwandani. Mwanamke aliyetoka zamu jioni alikuta rafu za duka zimeshafagiliwa na waliopanga foleni mchana. Nyumbani chungu kilichochemka kilifunikwa ndani ya sanduku lililojazwa nyasi kavu ili kiive kwa joto lake chenyewe na kuokoa makaa. Maganda ya viazi yalikusanywa kwa ajili ya nguruwe. Kutupa chakula kinacholika kulikuwa kosa la kushtakiwa.

Nguo ziliingia kwenye mgao Juni 1941, kuponi 66 kwa mwaka, na suti ya mwanamume peke yake ilikula kuponi 26. Sweta kuukuu lilifumuliwa, uzi ukaoshwa, ukafumwa upya kwa mtoto. Shuka lililochakaa katikati lilichanwa vipande viwili na kingo zake zikashonwa pamoja ili upande mzima ukae kati.

Usawa haukuwa kamili. Mlo wa hotelini haukukatwa kwenye kuponi, kwa hiyo mwenye fedha alikula nyumbani na kule pia, mpaka 1942 serikali ilipoweka kikomo cha shilingi 5 kwa mlo. Magendo yalikuwepo kila mji.

Pwani ya Afrika Mashariki ilionja vita hivyo hivyo kwa njia nyingine. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliozoeleka Unguja ulikatika. Huko Tanganyika watu walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kwa sababu kamba za Asia nazo zilikuwa mikononi mwa Japani.

Amani ilipokuja, jiko la Uingereza halikupata nafuu. Mwaka 1946 mkate, ulioachwa huru wakati wote wa mabomu, nao ukatiwa kwenye mgao. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyokuwa haba zaidi. Wizara ileile ya Chakula iliyochapisha vitabu vya mgao ikageuza macho kuelekea Ugogo, katikati ya Tanganyika. Mpango wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, ili majarini ipatikane kwenye meza za Waingereza. Matrekta yalifyeka vichaka na kung'ang'ana na mizizi ya mibuyu. Udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikawa chache, karanga zikakwama ardhini. Wagogo walijua mvua yao ilivyo, na kabla ya kuanza hawakuulizwa kwa maana yoyote ya kweli. Januari 1951 mpango ulifutwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia viliondolewa kwenye mgao Mei 1954, na nyama Julai 4 mwaka huohuo, bila msaada wowote wa maana wa karanga za Kongwa.