Ó hAilpín, Seán Óg

Seán Óg Ó hAilpín (amezaliwa 22 Mei 1977, Fiji) ni mchezaji mstaafu wa hurlingi, mchezo wa kale wa magongo wa Ayalandi. Aliichezea kaunti ya Cork kuanzia 1996 hadi 2012, muda mwingi akiwa katika safu ya pili ya mabeki, upande wa kushoto, na jezi namba 7. Alitwaa ubingwa wa Ayalandi nzima mara tatu, 1999, 2004 na 2005, na mara hiyo ya mwisho alikuwa nahodha. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa hurlingi nchini.

Asili na malezi

Mama yake ni mwenyeji wa Rotuma, kisiwa kidogo cha Fiji. Baba yake anatoka Fermanagh, kaunti ambayo haijawahi kutamba katika hurlingi. Mtangazaji maarufu Micheál Ó Muircheartaigh aliwahi kuwaambia wasikilizaji wake kwamba baba wa kijana huyu ni wa Fermanagh na mama ni wa Fiji, na kwamba hakuna hata sehemu moja kati ya hizo inayosifika kwa mchezo huu. Maneno hayo bado yanakumbukwa na Waayalandi wengi.

Familia iliishi kwanza Sydney, Australia, ambako watoto walizoea raga. Mwaka 1988 ikahamia upande wa kaskazini wa jiji la Cork. Ó hAilpín alijiunga na klabu ya Na Piarsaigh na kusoma katika shule ya North Monastery, ambako alifundishwa kwa lugha ya Kiayalandi. Wenzake walikuwa wameshika gongo tangu hawajaanza shule, naye akaanza akiwa mvulana mkubwa. Pengo hilo aliliziba kwa mazoezi, na hadi anastaafu wachache katika kizazi chake waliweza kushindana naye kwa nguvu na stamina.

Kuibuka

Alikuwemo katika kikosi cha vijana cha Cork kilichotwaa ubingwa mwaka 1995, na baadaye katika timu ya walio chini ya miaka 21 iliyoshinda 1997 na 1998. Mwaka 1999 kocha Jimmy Barry-Murphy alipeleka fainali timu changa, ikaifunga Kilkenny kwa pointi 13 dhidi ya 12 bila upande wowote kupata goli. Cork ilikuwa haijaushika ubingwa tangu 1990. Wiki mbili baadaye Ó hAilpín alirudi katika uwanja uleule wa Croke Park, Dublin, kuichezea Cork fainali ya kandanda ya Kigaeli, ambapo Meath ilishinda. Kucheza fainali za michezo yote miwili ndani ya mwezi mmoja ni jambo adimu.

Mwaka 2001 alipata ajali ya gari iliyomuumiza vibaya goti. Wengi waliamini hatacheza tena, lakini alirudi uwanjani.

Miaka ya ubingwa, 2003–2006

Katika hurlingi mpira mdogo wa ngozi unaopita chini ya mwamba ni goli, nalo lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba ni pointi moja. Wachezaji ni 15 kila upande na mechi kubwa za kaunti huchukua dakika 70. Mabeki wa safu ya pili ndio hupokea mipira mirefu inayopigwa na kipa wa upande wa pili. Mpira unashuka kutoka juu, wachezaji wawili au watatu wanaruka pamoja huku magongo yakigongana, na beki anaunyaka kwa mkono mtupu. Kazi hiyo Ó hAilpín aliifanya kwa ushujaa wa pekee. Akiudaka, aliweka bega mbele, akatoka mbio kando ya mstari na kuupiga mbele. Takwimu za mabao hazimtendei haki, kwa kuwa thamani yake ilionekana kwa mshambuliaji aliyemkabili na kutoka mikono mitupu.

Mwaka 2003 Cork ilifika fainali na kushindwa na Kilkenny. Mwaka 2004 timu hizo zilikutana tena, Kilkenny ikiwania ubingwa wa tatu mfululizo. John Gardiner, Ronan Curran na Ó hAilpín, safu ya pili ya mabeki wa Cork, walifunga njia. Katika kipindi chote cha pili Kilkenny iliambulia pointi mbili, na Cork ikashinda kwa 17 dhidi ya 9.

Mwaka huohuo Na Piarsaigh ilikuwa bingwa wa Cork, na kwa desturi ya kaunti klabu bingwa ndiyo iliyotoa nahodha wa mwaka uliofuata. Hivyo Ó hAilpín akaongoza Cork mwaka 2005. Katika fainali ya Septemba waliishinda Galway kwa goli 1 na pointi 21 dhidi ya goli 1 na pointi 16, ubingwa wa 30 katika historia ya kaunti. Mbele ya watu zaidi ya 80,000 nahodha alipokea Kombe la Liam MacCarthy na kutoa hotuba yake yote kwa Kiayalandi, bila karatasi, kwa ufasaha ambao wazaliwa wengi wa nchi hiyo hawana. Ni miongoni mwa hotuba tukufu kabisa zilizowahi kutolewa katika jukwaa la Croke Park.

Mwaka 2006 Cork ilitafuta ubingwa wa tatu mfululizo, Kilkenny ikaizuia.

Migomo

Wachezaji wa hurlingi hawalipwi. Hufanya kazi zao mchana na mazoezi jioni, wakati viingilio vya mechi vinaingia katika mifuko ya GAA, chama kinachosimamia mchezo huo, na bodi za kaunti. Ó hAilpín mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa benki. Mwishoni mwa 2002 wachezaji wa Cork waligoma wakidai daktari mazoezini, utaratibu bora wa safari na kuheshimiwa na bodi. Yeye na kipa Donal Óg Cusack walikuwa miongoni mwa sura za mgomo huo, na bodi ikakubali sehemu kubwa ya madai.

Mgomo wa pili ulianza mwishoni mwa 2007, baada ya bodi kumnyima kocha haki ya kuchagua wasaidizi wake. Uliisha Februari 2008 kwa usuluhishi. Wa tatu ulikuwa mchungu zaidi. Bodi ilimrejesha kocha Gerald McCarthy kinyume cha matakwa ya wachezaji, nao wakasusa. McCarthy akaunda timu ya wachezaji wapya, maelfu wakaandamana jijini Cork kuwaunga mkono wagomaji, na Machi 2009 kocha huyo akajiuzulu. Mpasuko ulifika hadi ndani ya familia na klabu. Hata hivyo, ni vigumu kukana kwamba hali ya wachezaji wa kaunti nyingine nayo iliboreka kwa ujasiri wa kundi hili.

Nje ya migomo, mwaka 2007 alifungiwa kucheza pamoja na Cusack na Diarmuid O'Sullivan kwa vurugu za kabla ya mechi na Clare mjini Thurles.

Kuachwa na kurejea

Baada ya msimu wa 2010 kocha Denis Walsh alimwondoa kikosini, uamuzi uliowakera mashabiki wengi. Barry-Murphy, aliporudi kuinoa Cork, alimwita tena mwaka 2012. Cork ilifika nusu fainali, ikatolewa na Galway, na Ó hAilpín akastaafu mwishoni mwa mwaka huo akiwa na miaka 35. Ameandika pia tawasifu yake.

Ndugu

Wadogo zake Setanta na Aisake nao waliichezea Cork. Setanta alifunga goli katika fainali ya 2003, kisha akaenda Australia kucheza kandanda ya nchi hiyo katika klabu ya Carlton.