Mkono wa Kushoto wa Mchora Ramani

Ndugu wenzangu tuliosoma uchoraji mtakumbuka: mkono wa kulia ulishika penseli, wa kushoto ukabana rula ya T isiteleze ubaoni. Mwalimu alitazama wa kushoto kwanza. Nilipokabidhiwa kompyuta kazini mwaka 1994, nilidhani mkono huo umestaafishwa, nami niko njiani kuufuata.

Kumbe sivyo, na sababu yake ilinitangulia kwa miaka mingi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alikamilisha programu ya kuchorea iitwayo Sketchpad, katika kompyuta ya TX-2. Mkono mmoja ulielekeza kalamu ya mwanga kwenye kioo. Mwingine ulibonyeza vibonye vya kuamuru: chora, hamisha, futa. Mmoja unaonyesha mahali, mwingine unasema lifanyike nini.

Kampuni ya Autodesk ilipotoa AutoCAD, Desemba 1982, amri ziliandikwa kwa herufi. IBM PC ya 1981 yenyewe iliuzwa bila kipanya. Uliandika LINE, ukataja nukta, ukabonyeza Enter. Baadaye zikaja herufi za mkato: L ni mstari, C duara, E kufuta, M kuhamisha. Zimo katika faili liitwalo acad.pgp, na mwenye kutaka huzibadili. Vipicha vya kubonyeza vimejaa kiooni tangu hapo, lakini amri za kuandika zingalipo.

Chumba cha mita 3.6 kwa 3 nilikichora hivi: L, kisha 0,0, kisha @3600,0, kisha @0,3000, kisha @-3600,0, na mwisho C ya kufunga. (C hiyo si ya duara, ukiwa ndani ya L ina kazi nyingine. Ilinitesa juma zima.) Alama @ maana yake ni kuanzia hapa tulipofika. Hakuna kukisia kwa jicho: unataja kipimo, ukuta unasimama.

Siku moja nilibonyeza E nikidhani nafuta kona tu, kumbe nimezoa ukumbi mzima, kazi ya siku mbili. Sikutambua, kwa kuwa niliendelea kuchora ngazi upande wa pili. Ramani ilitakiwa kesho yake asubuhi. Nilitoka jasho. Kijana wa meza ya jirani, ambaye kwa kiburi changu sikuwa nimemwuliza neno tangu aajiriwe, akasema taratibu, "Mzee, andika OOPS."

Nilidhani ananidhihaki. Nikaandika, nikabonyeza Enter, na ukumbi wote ukarudi, ngazi nazo zikabaki. Ile amri ya U ingenirudisha nyuma hatua kwa hatua na kuzila ngazi zangu. OOPS hurejesha kilichofutwa mara ya mwisho, basi.

Jioni ile nilivuta kiti mezani kwake. Kabla ya mwezi kwisha mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukizitafuta herufi wenyewe, bila mimi kutazama.