Majina ya Mababu katika Vitabu vya Parokia

Sisi huku twajua kuhesabu mababu kwa mdomo. Mzee huketi na kutaja: fulani alimzaa fulani, naye fulani alimzaa fulani. Ng'ambo ya bahari wako watu wanaohesabu mababu zao kwa maandiko, na sehemu kubwa ya maandiko hayo yaliandikwa na mapadri. Ndio wazao wa Wafaransa waliohamia Canada zamani, katika koloni lililoitwa Ufaransa Mpya. Leo twataka kueleza namna wanavyowatafuta mababu hao: ni nani wanaopatikana, na ni nani wasiopatikana.

Mwaka wa 1608 Samuel de Champlain alijenga kituo cha Québec, kando ya mto Saint-Laurent. Watu walikuja pole pole. Mwaka wa 1666 Jean Talon, msimamizi wa mfalme, aliwahesabu Wafaransa nyumba kwa nyumba, akaandika watu 3,215 tu. Parokia moja ya kwetu yaweza kuwapita kwa hesabu! Wengi wao walikuwa wakulima, maseremala, askari na watumishi. Nani angeandika habari za watu wadogo namna hiyo? Lakini walibatizwa, wakafunga ndoa, wakazikwa. Na kila mara padri alishika kalamu.

Kwa nini aliandika? Mwaka wa 1563 Mtaguso wa Trento uliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa, ili mtu asiweze kumkana mke wake na kuoa mwingine kwa siri. Huko Ufaransa, tangu mwaka wa 1539, mfalme François wa Kwanza alikuwa amekwisha kuagiza kwamba batizo ziandikwe. Na mwaka wa 1667 mfalme Louis wa Kumi na Nne alitaka vitabu viwe viwili: kimoja kikae parokiani, cha pili kipelekwe kwa karani wa baraza.

Amri hiyo ya vitabu viwili ilikuwa na maana. Mwezi wa Juni mwaka wa 1640, kanisa la Québec liliungua, na vitabu vyake viliteketea pamoja nalo. Mapadri walifanya nini? Waliwauliza Wakristu waliokuwa wangali hai: nani alibatizwa, nani alioa, nani alikufa. Kisha wakaandika upya. Basi mwanzo wa kitabu kile ni ukumbusho wa watu, kama vile wazee wetu wanavyokumbuka.

Sasa tuone kazi ya kutafuta. Anayetaka kumjua babu wa zamani haanzi na wa zamani. Huanza na wazazi wake mwenyewe, kisha babu na bibi, akipanda ngazi moja moja. Andiko lenye faida kuliko yote ni la ndoa, kwa sababu mara nyingi lataja wazazi wa bwana arusi na wa bibi arusi, na parokia walikotoka. Hayo yakijulikana, mtafutaji hutafuta ndoa ya wazazi hao, kisha ya wazazi wao, mpaka afike kwa yule aliyevuka bahari. Tena katika vitabu hivyo mwanamke aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, hata baada ya kuolewa. Kwa hiyo upande wa mama haupotei.

Lakini ngazi ile ina vipandio vilivyooza. Padri aliandika jina kama alivyolisikia, na jina moja laweza kuonekana kwa namna tano. Tena askari walipewa majina ya utani, kama Lafleur au Sansoucy. Kikosi cha Carignan-Salières kilipofika mwaka wa 1665, mamia ya askari wake walibaki nchini wakaoa. Na watoto wa baba mmoja waliweza kushika, huyu jina la ukoo, yule jina la utani. Asiyejua hayo huwadhani ni watu wa koo mbili.

Kati ya mwaka wa 1663 na 1673 mfalme alipeleka pia wasichana karibu 770 waolewe huko. Wengi walikuwa maskini, na wengi walikwisha kufiwa na baba. Leo mamilioni ya watu huwahesabu kuwa bibi zao, na huona fahari kuonyesha majina yao katika kitabu cha ndoa. Padri mmoja, Cyprien Tanguay, alikusanya maandiko ya parokia nyingi akatoa vitabu saba vya koo za Canada, toka mwaka wa 1871 hadi 1890. Wengi wanaotafuta hadi leo hufuata njia aliyoifungua.

Hata hivyo, vitabu vile vile vyatuonyesha jambo la huzuni. Mwaka wa 1633 alibatizwa Québec kijana Mwafrika, ambaye yasemekana alitoka Madagaska. Alikuwa ameletwa kule angali mtoto, akauzwa. Aliitwa Olivier Le Jeune: jina la kwanza alipewa la karani mmoja Mfaransa, na la pili la padri Myesuiti aliyemfundisha. Alikufa mwaka wa 1654. Jina alilopewa na mama yake halimo. Mwalimu wa historia Marcel Trudel alipochunguza maandiko hayo, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 katika koloni lile na miaka iliyofuata. Wengi walikuwa wenyeji wa Amerika, wengine Waafrika. Mara nyingi andiko lasema jina la Kikristu, umri wa kukisia, na jina la bwana wake. Baba na mama hawatajwi. Mzao wa mtu huyo akipanda ngazi, hufika hapo akasimama.

Tazameni basi: kalamu ile ile ilimpa mkulima ukoo wa miaka 400, ikamnyima mtumwa hata jina la mama yake.

Nasi tuna vitabu kama hivyo katika misioni zetu, kwa sheria ile ile ya Kanisa. Tunapopeleka mtoto kubatizwa, tusitaje jina la Kikristu peke yake. Tutaje jina la ukoo, la baba, la mama, na la kijiji, tena tuangalie kama limeandikwa sawasawa. Na wazee wangali hai, tuwaulize sasa yale yasiyoandikwa popote. Baada yao hatutapata wa kumwuliza.