Mkondo wa mfululizo

Muulize muuzaji yeyote wa tochi betri ipi ina nguvu, atakupa yenye namba kubwa zaidi kwenye ganda. Namba hiyo kwa kawaida ni ya miliampea-saa, nayo inaeleza jambo moja tu: betri imebeba chaji kiasi gani. Kasi ya kuitoa chaji hiyo haisemwi. Neno letu "nguvu" limetwishwa mambo matatu, yaani volti, chaji na mkondo, na kwenye redio mchanganyiko huo haumdhuru mtu. Kwa mvutaji wa sigara ya kielektroniki ya aina iitwayo modi ya makanika, unaweza kumvunja taya.

Istilahi ninayoipendekeza ni mkondo wa mfululizo: ampea nyingi kabisa ambazo betri inaweza kuzitoa tangu imejaa mpaka iishe, bila kuvuka joto lililowekwa na kiwanda. Wapo watakaosema mkondo endelevu. Sikubaliani nao. Endelevu limeshachukuliwa na watu wa maendeleo na mazingira, na msomaji atadhani betri hiyo inatunza misitu. Mfululizo ni neno la kila siku, na anayesema mvua imenyesha siku tatu mfululizo anaeleweka na kila mtu. Chaji iliyobebwa nitaiita ujazo, ili "nguvu" lipumzike.

Betri zenyewe ni za lithiamu, nene kuliko jiwe dogo la tochi, na huitwa 18650 kwa sababu kipenyo chake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Ndizo mafundi huzitoa ndani ya betri za kompyuta za mkononi zilizochoka na kuzitia kwenye tochi. Zikijaa zina volti 4.2. Chukua mbili zinazolingana kwa umbo. Panasonic NCR18650B ina ujazo wa takriban miliampea-saa 3,400, lakini mkondo wake wa mfululizo haufiki ampea 7. Samsung 25R ina 2,500 tu, na inatoa ampea 20. Kiwanda kikitaka ujazo zaidi hupaka kemikali kwa tabaka nene kwenye karatasi za metali zilizoviringishwa ndani. Tabaka likinenepa, ukinzani wa ndani hupanda, na joto nalo. Kwa hiyo ujazo na mkondo huvutana, na ganda linalojigamba kwa miliampea-saa 9,900 linadanganya waziwazi. Hakuna 18650 inayoikaribia namba hiyo.

Modi ya makanika ni bomba la metali, betri, kitufe na koili. Basi. Tunaiita sigara ya kielektroniki ilhali ndani hamna elektroniki hata chembe: hakuna saketi ya kupima ukinzani wala ya kukata umeme betri ikipata moto. Ukibonyeza, betri na koili zinakutana ana kwa ana, na kinachoamua zipite ampea ngapi ni waya uliouviringisha mwenyewe. Kilichobaki ni kanuni ya Ohm: volti gawanya kwa omu, unapata ampea.

Waya wa Kanthal (aloi ya kupashia joto) wenye unene wa milimita 0.4, ukizungushwa mara 6 kwenye kijiti cha milimita 3, unakupa omu 0.8 hivi. Gawanya 4.2 kwa 0.8: ampea 5 na kidogo. Ukifunga koili mbili za namna hiyo sambamba, kama wapendavyo wenye kutaka wingu kubwa la mvuke, ukinzani unashuka hadi 0.4 na mkondo unafika ampea 10.5. Hapo Panasonic imeshazidiwa, Samsung bado ina nafasi. Ukishuka hadi omu 0.15 unadai ampea 28, na Samsung nayo haiziwezi. Hesabu ifanywe kwa 4.2, si kwa 3.6 iliyochapwa kwenye ganda, na koili ipimwe kwa mita ya omu kabla ya kufungwa. Kwenye koili ndogo tofauti ya 0.05 si kitu cha kupuuza: kutoka omu 0.2 kwenda 0.15 ni kutoka ampea 21 kwenda 28.

Hayo yote ni mkondo unaopita kwenye koili. Shoti ni mkondo unaoikwepa. (Mitaani shoti pia ni mtu kupigwa na umeme, hapa nasema ile ya chanya na hasi kugusana.) Itazame 18650 kwa juu: katikati kuna ncha ya chanya, kisha pete nyembamba ya kuhami, kisha ukingo. Ukingo huo na mwili mzima wa betri ni hasi, na kilichoufunika ni plastiki nyembamba tu. Plastiki ikichanika, betri hiyo haifai tena kuingia ndani ya bomba la metali. Ziko pia modi ambazo atomaiza, yaani kichwa kinachobeba koili, inakaa moja kwa moja juu ya betri. Pini yake ya katikati isipotokeza, ukingo wa skrubu, ulio upande wa hasi, ndio unaogusa chanya. Ukinzani unakuwa karibu na sifuri, kiwambo kinachotenga chanya na hasi ndani ya betri kinayeyuka, joto linazaa joto, na gesi inatafuta pa kutokea. Ole wake mwenye bomba lisilo na matundu.

Vifaa vya kuvutia mvuke vimelipuka na kuua huko Marekani: mtu mmoja St. Petersburg, Florida, mwaka 2018, na kijana mmoja Fort Worth, Texas, mwaka 2019, aliyekatwa mshipa wa shingo na kipande cha kifaa. Januari 2021 Tume ya Usalama wa Bidhaa ya nchi hiyo iliwaonya watu wasinunue kabisa 18650 za mojamoja, kwa kuwa zimetengenezwa zikae ndani ya pakiti. Kwa anayeanza, nami nasema hivyo hivyo: kama ni lazima uvute, chukua kifaa chenye saketi.

Baadhi ya maganda hubeba namba ya pili ya ampea, kubwa zaidi. Huo ni mkondo wa mpigo, wa sekunde chache kisha betri ipoe. Wauzaji huupenda, kwa hoja kwamba mvutaji habonyezi zaidi ya sekunde 4 au 5. Kitufe kilichokwama mfukoni hakihesabu sekunde, kwa hiyo namba ya kufanyia hesabu ni ya mfululizo. Na wenye modi za betri mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine waanze hesabu upya: volti zinakuwa 8.4, na koili zile za omu 0.4, zilizokuwa salama kwa Samsung 25R moja, sasa zinadai ampea 21 kutoka kwa kila moja.