Krismasi ya Maskati: kutoka vijana 18 wa mwaka 1896 mpaka Qurum



Nina rafiki yangu Mzanzibari, tumesoma pamoja, ambaye kila nikimwambia kwamba mwaka huu nakula Krismasi Maskati huangua kicheko. Ati Krismasi ya Oman ni ya Wahindi, Wafilipino na Wazungu wa mafuta. Mswahili pale ana Idi zake mbili, basi. Nimemwacha aseme hivyo miaka mingi, manake kwa hesabu ya vichwa hayuko mbali na kweli. Lakini kwa upande wa historia amekosea, na kosa lenyewe linanigusa mimi binafsi. Kwa hiyo naomba mnivumilie kidogo.

Nianze na mahali. Nilikaa Qurum miaka kadhaa nikifundisha. Qurum kwa Kiarabu ni mikoko, na kweli ukishuka pwani unaikuta, ni ile aina tunayoiita mchu, imejificha kati ya barabara kubwa na mahoteli. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko Rufiji na Lamu kuzipeleka Oman na Ghuba kuezekea nyumba, kwa sababu kule miti ya kujengea ni haba. Kwa hiyo mtu wa kwetu akipanga nyumba Qurum asijione mgeni sana. Paa lilimtangulia.

Kanisa hakuna Qurum. Krismasi unawasha gari, ama unaelekea Ruwi ama Ghala. Utaratibu wa Oman ni kwamba wasio Waislamu wanasali kwenye viwanja vilivyotengwa na serikali, navyo viko Ruwi, Ghala, Sohar na Salalah. Kila jumuiya inatakiwa isajiliwe na Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini. Kumhubiria Muislamu ni marufuku, na ibada za majumbani rasmi haziruhusiwi. Kiwanja cha Ruwi alikitoa Sultani Qaboos, na kanisa Katoliki la Watakatifu Petro na Paulo likafunguliwa mwaka 1977. Waprotestanti na Waorthodoksi nao wako palepale, ukuta kwa ukuta, wanapokezana saa. Ijumaa, ambayo ni siku ya mapumziko, kunakuwa kama soko. Krismasi si sikukuu ya serikali, kwa hiyo ikiangukia siku ya kazi watu wanatoka misa ya usiku wakiwa na macho mekundu, asubuhi wako ofisini.

Ndani ya kanisa utasikia Kiingereza, Kimalayalam, Kikonkani, Kitagalog. Kiswahili unakisikia nje, kwenye maegesho ya magari, misa ikishaisha. Hapo ndipo Wakenya, Watanzania, Waganda, Warundi na Wakongomani wanapotafutana, nani amepika pilau, nani ana nafasi kwenye gari. Krismasi yetu ya Maskati huanzia pale, kati ya magari, na ndiyo anayoicheka rafiki yangu.

Sasa historia. Wareno nawapita haraka: waliiteka Maskati mwaka 1507, wakajenga ngome za Mirani na Jalali, na ndani ya Mirani mabaki ya kanisa lao dogo yapo mpaka leo. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif akawatimua, na mwaka 1698 Waomani hao hao wakaichukua Ngome ya Yesu kule Mombasa. Krismasi ya Mreno ilikuwa ya askari, ikaondoka na askari. Sioni kama ina mtoto wala mjukuu.

Kilichozaa ni kingine, na kilianzia Unguja, siyo Maskati. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf aliteremka Zanzibar, na Seyyid Said, mtawala wa Kiibadhi, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Desemba 1860 wakafika mapadre wa Kifaransa, wakapokewa na Sultani Majid. Halafu wakaja Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu, ile UMCA. Utaona namna moja inajirudia: mgeni anaomba, mtawala anatoa ruhusa na mipaka yake. Mtu aliyeizoea Ruwi akisoma habari hizi haoni kitu kipya.

Tukio lenyewe ninalolitaka ni la Krismasi ya mwaka 1873. Tarehe 5 Juni mwaka ule Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Hakutia kwa furaha. Waingereza, kupitia Bartle Frere na kisha konseli John Kirk, walimbana mpaka wakamtishia kuifunga bandari yake kwa manowari. Miezi sita na ushei baadaye, siku ya Krismasi, pale Mkunazini palipokuwa na soko, likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa, sehemu ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu. Barghash naye, kama inavyosimuliwa mpaka leo, akatoa saa ya mnara. Yaani kanisa la Kianglikana, kwenye ardhi ya Mhindu, chini ya mtawala wa Kiibadhi mwenye asili ya Oman, kwa ajili ya waumini ambao wengi wao walikuwa watu waliotolewa kwenye majahazi. Niambieni kama kuna Krismasi ya Kiswahili kuliko hiyo.

Hapa ndipo ninapoguswa. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu na mwanasarufi wetu huyo, alilitoa kundi la watu walioachwa huru Zanzibar akaenda nalo bara, na safari ikaishia Masasi. Mimi ni mtu wa Masasi. Nyumbani kwetu husemwa kwamba babu mmoja wa babu zetu alikuwa katika msafara ule, na kwamba hakujua alikozaliwa ila alijua siku aliyobatizwa. Katika ukoo wetu Krismasi imekuwa zaidi ya siku ya wali na nguo mpya, ni kama siku ya kuhesabu tulianzia wapi. Mtu akiniambia kwamba Uswahili na Krismasi havikai nyumba moja, basi ananiondoa mimi nyumbani.

Tuvuke bahari turudi Maskati. Mwezi Februari 1891 alifika pale mzee mmoja, Thomas Valpy French, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Lahore na kisha akajiuzulu. Alikuwa na miaka sitini na sita, mgonjwa, anataka kuwahubiria Waarabu peke yake. Tarehe 14 Mei akafariki kwa joto na homa, akazikwa kwenye kighuba kidogo nje ya mji, mahali pa kuingilia kwa mashua. Hata Krismasi moja hakuila.

Baada yake wakaja Wamarekani wa Arabian Mission. Peter Zwemer, ndugu yake mdogo Samuel Zwemer maarufu, alifungua kituo Maskati mwaka 1893. Waumini hakuwa nao. Mwaka 1896 konseli wa Uingereza akamkabidhi vijana 18, wavulana wa Kiafrika waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Kumbukeni ni miaka 23 baada ya mkataba wa Barghash. Biashara ilikuwa haijafa, ilikuwa imebadilisha bendera tu. Manahodha wengi wa Sur walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiwapekue, na ugomvi huo ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya Hague, ikatoa hukumu mwaka 1905.

Zwemer akawafanya wale vijana 18 kuwa shule. Wakalala hapo, wakala hapo, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono, na sala asubuhi na jioni. Hebu tafakarini. Kijana wa umri wa madrasa, ametolewa Afrika, ameokolewa baharini, anajikuta katika mji wa mawe na joto akilelewa na Mmarekani asiyefika miaka thelathini. Na Desemba ilipofika katika nyumba ile, jumuiya ya kanisa ilikuwa nani? Haikuwa ya Wahindi wala ya Wazungu wa mafuta, manake mafuta yenyewe yalianza kusafirishwa Oman mwaka 1967. Ilikuwa wale 18. Kwa maoni yangu hao ndio familia ya kwanza ya Kikristo ya Maskati ya zama hizi, na ilikuwa familia ya Waafrika isiyo na mama.

Zwemer mwenyewe hakudumu. Aliugua, akarudishwa kwao, akafariki New York mwezi Oktoba 1898. James Cantine akaishika kazi, na vijana walipokua wakatawanywa kwenye ajira. Misheni ikageukia zaidi tiba, na ile hospitali ya Matrah wazee wa Kiomani wanaikumbuka kwa jina la daktari Wells Thoms, aliyeiendesha tangu mwaka 1939 mpaka 1970. Hiyo ni habari nzuri na imeandikwa sana. Wale 18 wameandikwa kidogo, na karibu kila mara kwa tarakimu.

Nilimsimulia haya jirani yangu wa Qurum, bi mkubwa mmoja Mwomani aliyezaliwa Mkunazini, akaja Maskati miaka ya sabini kama wengi waliohama baada ya Mapinduzi ya 1964, pale Sultani Qaboos alipochukua nchi mwaka 1970 na kuwafungulia mlango. Utotoni saa ya kanisa lile ndiyo iliyomwamsha kwenda chuoni. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya mwanangu. Lakini nyie watu wa kanisa kila Krismasi lazima mtusomee watumwa."

Naomba nisieleweke vibaya: nilikasirika. Kisha nikaona ana hoja. Kuna namna ya kuisimulia Mkunazini ambayo inamgeuza kila Mwarabu kuwa mnadi na kila Mzungu kuwa mkombozi. Mnajua vile vyumba vya chini ya jengo la St. Monica ambavyo watalii wanapelekwa kuinamisha vichwa wakiambiwa ndimo watumwa walimofungwa. Jengo lile lilijengwa na misheni yenyewe, baada ya soko kufungwa. Uongo mdogo kama huo unaharibu ukweli mkubwa. Soko lilikuwepo, maumivu yalikuwepo, hayahitaji kuongezewa chumba. Na Mwingereza aliyemtishia Barghash mwaka 1873 ndiye yule yule ambaye mwaka 1890 aliichukua Zanzibar yote chini ya himaya yake, na utumwa wenyewe ukaendelea kuwa halali visiwani mpaka 1897.

Lakini nilimjibu pia, kwa adabu, manake ni mama yangu kwa umri. Nilimwambia, bi mkubwa, mimi siwasomei nyie, najisomea mimi. Ukinikataza kumtaja yule babu siku ya Krismasi, unataka nimtaje siku gani? Oman yenyewe iliufuta utumwa mwaka 1970 tu, mwaka uleule Qaboos alipochukua nchi, yaani wewe na mimi tumewaona watu waliozaliwa ndani yake. Akanyamaza. Hakukubali, wala hakuondoka.

Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia, nawaambia ninyi. Kwenye maegesho ya Ruwi usiku ule wa tarehe 24, tunaowaona ni wale waliopata ruhusa. Wadada wetu wanaofanya kazi za ndani, wengi hawafiki. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kunyang'anywa, mishahara kukatwa, kufungiwa ndani. Sisemi kwamba hali zote ni hivyo, nawajua waliotendewa kama watoto wa nyumba. Wala sisemi ni utumwa wa jahazi, neno lile lina uzito wake na mwanahistoria asilitupetupe. Ila Krismasi moja binti mmoja wa Tanga alinipigia simu kutoka bafuni, akanong'ona kwamba mwenye nyumba kamnyima kutoka, akaomba nimwekee simu karibu na kwaya. Nikasimama pale mlangoni mkono umenyooka, dakika labda kumi, mpaka salio likaisha. Kwaya ilikuwa inaimba Kimalayalam. Kesho yake akaniandikia kwamba amesikia vizuri.

Nikirudi Qurum siku ile ya tarehe 25, jioni, nilikuta bi mkubwa ameshaleta sahani: halwa ya Kiomani upande mmoja, mikate ya kumimina upande wa pili, imefunikwa kawa. Alimtuma mjukuu, kijana ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiarabu. Nikamuuliza bibi amesemaje. Akafikiri, akasema kwa Kiswahili, polepole, kwamba bibi anauliza wale vijana 18 walipewa majina gani walipobatizwa, na kama yupo aliyebaki Maskati akaoa.

Mwaka huu nitapita Matrah, kwenye kituo cha Al Amana kilichorithi kazi ya ile misheni, nianze kuulizia hapo. Sahani ya bi mkubwa bado iko kwangu. Kwetu hairudishwi tupu.