Franchaizi kwa mfanyabiashara mdogo: je, mwenye jina atafika Rongui?

Franchaizi ni makubaliano ambayo mwenye biashara iliyokwisha kujaribiwa humruhusu mtu mwingine kutumia jina lake, bidhaa zake na taratibu zake za kazi, kwa malipo. Upande wa Msumbiji, kwa Kireno, huitwa franquia. Mwenye jina hupata tawi bila kutoa mtaji wote mwenyewe, na mwenye tawi huanza na jina ambalo wateja wanalijua tayari.

Mpango huu ni wa zamani. Katika miaka ya 1850 kampuni ya cherehani ya Singer ya Marekani iliuza haki ya kuuza mashine zake katika maeneo maalumu.

Nani hulipa nini?

Kwa kawaida mwenye tawi hulipa ada ya kuingia, kisha mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo. Kwa malipo hayo anastahili kupewa mafunzo, bidhaa kwa bei ya jumla na ukaguzi wa mara kwa mara. Ukaguzi si adha. Tawi moja likiuza bidhaa mbovu, jina la matawi yote huharibika.

Mifano ya jirani

1. Kenya. Mwaka 2000 shirika la HealthStore lilianzisha maduka ya dawa na zahanati ndogo za CFW. Wauguzi na wahudumu wa afya walimiliki maduka hayo vijijini, shirika likanunua dawa kwa pamoja na kuwakagua. Aliyevunja masharti aliweza kunyang'anywa jina.

2. Tanzania. Mwaka 2003 mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma, mkoa unaopakana na Msumbiji. Hapa mwenye jina ni serikali. Mwenye duka hubaki mtu binafsi, lakini muuzaji lazima apate mafunzo na duka likaguliwe. Baadaye mpango ulienezwa nchi nzima.

3. Fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka 2008 na Msumbiji mwaka 2013. Wakala hatoi mrabaha, bali hupata kamisheni, kwa hiyo si franchaizi kamili. Hata hivyo hutumia jina na taratibu za kampuni, na mtaji ni wake mwenyewe.

Hali ya kisiwani

Rongui ni kisiwa kidogo cha wilaya ya Palma, Cabo Delgado, jirani na Vamizi. Bidhaa hufika kwa chombo cha baharini, na pepo za kusi zikivuma kwa nguvu safari huahirishwa. Tuchukue mfano wa wakala wa fedha mahali kama hapo. Siku samaki wanapouzwa, wengi hutaka fedha taslimu kwa pamoja. Zikimwishia, lazima avuke bahari kuzifuata, na nauli hula kamisheni. Kwa mwenye duka la dawa, shehena ikichelewa wiki mbili, kibao kipo lakini rafu ni tupu.

Kwa hiyo thamani ya franchaizi haiko kwenye kibao. Iko kwenye mzigo unaofika na mkaguzi anayefika. Visipofika, mwenye tawi analipia rangi ya ukuta tu.

Usalama na mkataba

Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa na maelfu ya watu wakakimbia, wengine kwa njia ya bahari. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ilitangaza kusimamisha wajibu wake katika mradi wa gesi wa Afungi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, hali iliyodumu hadi Novemba 2025. Sheria na mikataba huruhusu jambo hilo. Mwenye duka dogo naye anastahili kifungu kama hicho: eneo likifungwa kwa vita, kimbunga au maradhi, ada na mrabaha visimame, na muda wa mkataba usihesabiwe.

Kabla ya kutia saini, uliza:

1. Nani analipia usafiri wa mzigo kutoka bara, na nani anabeba hasara chombo kikizama?
2. Ninaruhusiwa kununua kwingine mzigo wa kampuni ukichelewa?
3. Mrabaha unahesabiwa kwenye mauzo au kwenye faida? Ukihesabiwa kwenye mauzo, utalipa hata mwezi wa hasara.
4. Mkataba ukiisha, shehena iliyobaki inarudishwa kwa bei gani?
5. Jina limesajiliwa nchi gani? Usajili wa BRELA hulinda Tanzania Bara tu. Kwa Msumbiji, jina lazima lisajiliwe huko.
6. Mkataba umeandikwa kwa lugha gani? Kama ni Kireno na wewe hukisomi vizuri, tafuta mtu wako akufasirie, asiwe mtu wa kampuni.

Mwenye jina akishindwa kujibu swali la kwanza na la pili, ni heri kubaki na duka lenye jina lako mwenyewe, au kuungana na wenzako wachache mkanunua kwa jumla na kugawana chombo. Faida mtaipata, na hakuna atakayewadai mrabaha.