Unakwenda Buhemba? Vitu vya Kuweka Kwenye Begi na vya Kuacha Nyumbani

Fikiria uko kwenye basi tangu alfajiri. Saa tatu usiku konda anapiga kelele, "Makutano, Makutano, shukeni haraka!" Unashuka na mtoto mkononi, mlango unafungwa, basi linaondoka. Hapo ndipo unakumbuka kuwa begi lako bado lipo buti, linaelekea Musoma. Ndani yake kuna dawa zako za presha.

Hilo linaweza kumkuta yeyote. Buhemba ipo wilaya ya Butiama, mkoani Mara, nje ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Ukipanda basi la Musoma au Tarime, utashuka njiani na kumalizia safari kwa gari dogo au bodaboda. Kwa hiyo panga mizigo yako ukijua kuna kushuka na kupanda.

Kanuni ni moja: kitu ambacho huwezi kulala bila kuwa nacho, kisikae buti.

1. Gawa mizigo mara mbili

Uwe na begi moja la buti na mkoba mmoja mdogo wa kukaa nao mapajani. Kwenye mkoba weka dawa, kitambulisho, simu, chaja, pesa, maji, kanga au shuka nyepesi, na nguo moja ya kubadilisha. Kama una mtoto, ongeza nepi na chakula chake. Begi la buti likipotea leo, mkoba huo uweze kukufikisha hadi kesho.

Begi la buti liandike jina na namba ya simu, nje na ndani. Lifunge kitambaa cha rangi inayoonekana, maana mabegi meusi yanafanana. Lipige picha kabla halijaingia buti. Mwambie konda mapema unashukia wapi, na basi likikaribia mkumbushe kuwa una mzigo chini.

2. Jipime kwa bodaboda

Kabla ya kuondoka, beba begi lako mwenyewe kutoka chumbani hadi barabarani. Ukichoka njiani, limezidi. Bodaboda anaweza kukubeba wewe na begi moja la kawaida. Ukiwa na masanduku mawili, hesabu nauli ya bodaboda wa pili.

3. Dawa kwanza, nguo baadaye

Kama unatumia dawa za kila siku, iwe presha, kisukari, pumu, kifafa au dawa za kufubaza VVU, hesabu siku za safari kisha ongeza. Unakaa siku 5? Beba za siku 10. Msiba unaweza kurefuka, mvua inaweza kukuzuia, na hospitali ya ugenini isikuwe na dawa ileile unayotumia.

Dawa zibaki kwenye pakiti zake, usizimwage zote kwenye kichupa kimoja. Beba kadi ya kliniki, kadi ya CTC au cheti cha daktari, pamoja na kadi ya bima kama unayo. Piga picha za kadi hizo zikae kwenye simu. Insulini isiachwe kwenye joto kali la gari wala isigandishwe. Iwekwe kwenye kimfuko kinachotunza ubaridi, isigusane na barafu moja kwa moja.

4. Nguo: angalia mwezi

Mara ina mvua za masika, kwa kawaida kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Miezi hiyo beba koti la mvua na viatu visivyoogopa tope. Mwavuli haukusaidii sana ukiwa juu ya pikipiki. Kiangazi tatizo ni vumbi, kwa hiyo beba barakoa au kitambaa cha kufunika pua, na uache nguo nyeupe nyumbani.

Wengi huenda Butiama karibu na tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999. Alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa hukohuko, na pana makumbusho yenye jina lake. Ukienda wakati huo kumbuka vuli inaweza kuwa imeanza.

Kwa siku nne au tano, suruali au sketi mbili na mashati matatu yanatosha. Unafua, unaanika, jua linamaliza kazi. Usisahau sweta, kwa sababu alfajiri juu ya pikipiki ni baridi. Ukitokea Arusha kwa njia inayopita Ngorongoro na Serengeti, sweta hilo liwe mkobani, kwani Ngorongoro ni juu na kuna baridi kweli.

Kanga au kitenge ni cha lazima hata kwa wanaume. Ni shuka, taulo, pazia, mto wa kulalia ndani ya basi, na vazi la heshima ukikuta msiba.

5. Mbu na maji

Kanda ya Ziwa ina malaria. Beba chandarua chako kama hujui utalala wapi, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Ukipanga kwenda ziwani Musoma au Bunda, kumbuka maji ya Ziwa Victoria yanaweza kuwa na kichocho. Kuoga ziwani kwa sababu tu umechoka na vumbi siyo wazo zuri. Pakiti mbili tatu za ORS hazina uzito, na tumbo likichafuka safarini utazishukuru.

6. Pesa na chaji

Usiweke pesa zote sehemu moja. Nyingine kwenye simu, nyingine taslimu mfukoni, kidogo ndani ya begi. Noti ndogondogo zina faida, maana bodaboda wa usiku anaweza kukosa chenji. Powabenki iwe imejaa. Kama unapanda ndege hadi Mwanza, powabenki inakaa kwenye mkoba wa mkononi, hairuhusiwi kwenye begi linalopakiwa chini. Mikasi na visu ni kinyume chake, vikae begi la chini.

Andika namba mbili muhimu kwenye karatasi. Simu ikizima, kichwa kinasahau hata namba ya shangazi.

7. Kama unakwenda machimboni

Buhemba inajulikana kwa dhahabu tangu enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo wapo hadi leo. Ukienda kutafuta kazi, beba buti ngumu, kofia ngumu, glovu na taa ya kichwani yenye betri za ziada. Usitegemee kuazima.

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kukamata dhahabu, na zebaki ni sumu. Hushika kwenye nguo. Kwa hiyo beba kiroba cha peke yake kwa nguo za kazi. Zisichanganywe na chakula, wala nguo za mtoto, wala zisifuliwe beseni moja na za familia.

Wakati wa kurudi, usitie mawe ya dhahabu kwenye begi "kama kumbukumbu". Kumiliki madini bila kibali ni kosa kisheria. Madini huuzwa kwenye masoko ya madini, yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019.

8. Acha rambo nyumbani

Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Kenya ilitangulia mwaka 2017. Unayetokea Kenya kupitia Sirari, au unayetoka nje kwa ndege, funga viatu na nguo chafu kwenye mfuko wa kitambaa.

9. Acha nafasi ya zawadi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukienda kwa bibi na sukari, majani ya chai na sabuni umebeba vitu vyenye kazi. Na ukirudi hutarudi mikono mitupu. Dagaa wa Musoma ni watamu lakini wananukia hadi siti ya nyuma, waweke kwenye ndoo yenye mfuniko, siyo juu ya mashati.

Kabla hujafunga zipu, hakikisha mkobani vipo hivi (piga picha ya skrini):

- Dawa na kadi ya kliniki
- Kitambulisho na kadi ya bima
- Pesa taslimu na noti ndogo
- Simu, chaja, powabenki
- Karatasi yenye namba mbili
- Maji, ORS, kitu cha kutafuna
- Kanga, sweta, nguo moja ya kubadilisha

Vikiwemo vyote, hata begi la buti likifika Sirari peke yake, wewe utalala salama Buhemba na kulifuata kesho.

Safari njema.